Kamba kochi hadi Moshi: kumjua, kumwagiza na kumpika ukiwa mbali na bahari

Kutoka ufukwe wa Tanga hadi jikoni kwangu hapa Moshi ni zaidi ya kilomita 300. Samaki tuliowazoea huku ni perege wa Nyumba ya Mungu, sangara wa barafu kutoka Mwanza, na dagaa wa kila aina pale Mbuyuni. Kamba kochi, yule kamba mkubwa wa miamba ya bahari, ni mgeni. Anakuja akiwa na bei ya mgeni na madeko ya mgeni, na ukikosea kumpokea anakufia mkononi.

Nasema hivyo kwa sababu walishanifia. Ilikuwa wiki ya Krismasi, watu wamerudi kuhesabiwa, na familia moja ilitaka kitu tofauti pembeni ya ndafu. Nikaagiza kamba kochi 12 wazima. Nilipofungua boksi, 10 walikuwa wamelegea kama vitambaa na harufu imeshaanza. Nikataka kumlaumu kondakta, kisha mvuvi, mpaka nikakumbuka maneno yangu mwenyewe kwenye simu: "Weka barafu nyingi, halafu funga nailoni isipite hewa." Nilimwagiza kama samaki, na kamba kochi si samaki. Mwongozo huu umetokana na boksi lile, na mengine mengi yaliyofuata ambayo yalifika salama.

Anza na jina

Ukisema "kamba" tu huku bara, unajitafutia balaa. Niliwahi kumtuma kijana wa jikoni akaniletee kamba, akarudi na kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi. Hakukosea, kwa maana katani nayo inatoka Tanga.

Kambamiti ni wale wadogo, wa gamba laini, wanaouzwa kwa kilo wakiwa wengi. Kamba kochi ni yule mkubwa wa gamba gumu lenye miiba, anayekaa kwenye miamba. Ukivuka mpaka kwenda pwani ya Kenya utasikia akiitwa kamba mawe. Ukiagiza, sema kamba kochi, sema wazima au mikia, na sema uzito wa kila mmoja unaoutaka. Muuzaji anayeona hujui tofauti atakupiga kamba kuhusu kamba.

Mjue mnyama mwenyewe kabla ya kumlipia

Aliyekulia Machame, Marangu au Kibosho ameshamshika binamu yake bila kujua. Yule kaa mdogo wa kahawia tuliyekuwa tukimtoa chini ya mawe kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, ni ukoo mmoja na kamba kochi. Wote wana miguu kumi, wote wamevaa mifupa nje badala ya ndani, wote hupumua kwa matamvua, na wote wanapokua hulazimika kuvua gamba la zamani na kuota jipya. Jike wa wote wawili hubeba mayai chini ya tumbo.

Wanapoachana ni kwenye malezi. Mayai ya kaa wa mfongo yakianguliwa hutoka vikaa kamili, na mama huendelea kuvibeba kwa muda. Kamba kochi hana subira hiyo. Jike mmoja mkubwa hutoa mayai laki kadhaa, na yakianguliwa vinatoka vidude vyembamba kama jani, vinavyopitisha mwanga kama kioo, na mkondo wa bahari unavichukua. Wataalamu huviita filosoma. Vinaelea bahari kuu kwa miezi mingi, vikijivua na kujivua tena, na karibu vyote huliwa njiani. Vichache vinavyosalia hubadilika kuwa kikamba kidogo kisicho na rangi ambacho kinaogelea kuja pwani, bila kula chochote safari nzima, hadi kipate tundu la kujificha. Ndiyo maana kumzalisha bwawani kuanzia yai ni kazi ngumu mno. Vietnam wanawafuga kwa wingi, lakini huko nako wamezoea kukamata wachanga baharini na kuwalisha kwenye vizimba. Kwa hiyo mtu akikuambia hapa ana kamba kochi "wa kufugwa kwenye bwawa la sato", muage kwa heshima.

Sasa kuhusu picha. Picha nyingi zilizobandikwa kwenye menyu za hoteli za Arusha zinaonyesha mnyama mwenye magando mawili makubwa mbele. Huyo si wa kwetu. Ni wa Atlantiki ya kaskazini, huko Marekani, Kanada na Ulaya, ambaye gando moja hutumia kuponda na lingine kukata. Mwaka 1977 huko Nova Scotia alivuliwa mmoja wa kilo 20.14, uzito wa mbuzi mdogo. Wa kwetu hana magando hayo. Mteja akilalamika kwamba "mmemnyofoa mikono", mweleze kwa upole kwamba hakuzaliwa nayo.

Silaha ya kamba kochi wetu ni zile papasi mbili za kichwani, ndefu, nene na zenye miiba, anazozitumia kama fimbo ya mchungaji kusukuma adui. Akikabwa husugua vitako vya papasi dhidi ya uso wake na kutoa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayechana kitana kwa ukucha. Ishike sauti hiyo, itakufaa boksi likifika. Njia yake nyingine ya kujiokoa ni mkia: anaukunja kwa nguvu ghafla na kuruka kinyumenyume. Nyama yote tunayoilipia ni msuli huo wa kukimbilia.

Mchana anajificha kwenye tundu la mwamba akiwa ametoa papasi nje. Usiku anatoka kutafuta konokono wa bahari, chaza, kaa wadogo, urchini wa miiba na mizoga. Wanaomla yeye ni pweza, chewa, papa na binadamu.

Kwenye pwani yetu wapo wa aina kadhaa. Mkubwa kuliko wote ana mwili wa kijani-buluu na miguu yenye mabaka ya rangi hafifu na nyeusi. Kwa kitaalamu ni Panulirus ornatus, na ndiye hoteli humgombania. Mwingine ni Panulirus versicolor, wa kijani mwenye mistari myeupe iliyochorwa vizuri kama kanga mpya. Huyu ni mzuri wa kutazama kuliko wa kupima kwenye mizani. Longipes ana madoa meupe mwilini, na penicillatus hupenda ukingo wa nje wa mwamba ambako mawimbi yanapiga. Kwa ladha, mimi sijaona tofauti ya kunifanya nilipe zaidi. Natofautisha kwa uzito na uhai tu.

Dume au jike

Mgeuze chali. Hili ni jambo la nusu dakika na linastahili kila mnunuzi alijue.

Tazama chini ya mkia kuna vipezi. Vya jike ni vipana, viwili viwili, vinapandiana kama majani ya mgomba yaliyokunjwa. Vya dume ni vyembamba na kimoja kimoja. Tazama pia mguu wa mwisho: wa jike una kibanio kidogo nchani, wa dume umechongoka tu. Kibanio hicho kina kazi. Dume anapompanda jike humbandika kifuani bonge la mbegu linalokauka na kuwa kama doa la lami. Jike anapokuwa tayari kutoa mayai hulikwangua doa lile kwa kibanio, mbegu zikatoka, mayai yakarutubishwa. Baadaye kibanio hicho hicho hutumika kuyasafisha mayai.

Mayai mapya ni ya rangi ya chungwa, kama punje ndogo sana. Yakikaribia kuanguliwa huwa ya kahawia. Ukiona jike wa namna hiyo, usimnunue, na mwambie mvuvi wako tangu siku ya kwanza kwamba hutampokea. Wapo wanaoyakwangua mayai kwa brashi ili aonekane mtupu. Utajua kwa vipezi vilivyochubuka na vinyuzi vilivyobaki. Mimi mvuvi akinifanyia hivyo mara moja, biashara yetu imekwisha.

Jua alivyokamatwa

Hapa ndipo pesa ya mtu wa bara inapopotea, kwa sababu namna alivyokamatwa ndiyo inayoamua kama atafika Himo akiwa hai.

Njia ya kwanza ni kuzamia kwa pumzi. Mvuvi anatoka na mtumbwi au ngalawa, anavaa miwani ya kuzamia, anakagua matundu ya mwamba. Akiona papasi zimechungulia anashuka. Mwenye ujuzi humshika kwa mkono wenye glavu, kwenye kitako cha papasi au mgongoni, na kumtoa taratibu, maana ukimvuta papasi zinakatikia mkononi na yeye anarudi ndani. Wengine hutumia pweza: humfunga pweza kwenye kijiti na kumwingiza tunduni, na kamba kochi akimwona adui yake huyo anatoka mwenyewe mbio upande wa pili. Aliyeshikwa hivi huwa mzima kabisa.

Ya pili ni mkuki au kulabu. Huyu ametobolewa. Damu yake haikai ndani ya mishipa iliyofungwa kama yetu. Inazunguka wazi ndani ya gamba, kwa hiyo tundu moja linammaliza taratibu. Na usitafute wekundu. Damu ya kamba kochi hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma, hivyo inaonekana kama maji yenye ubuluu hafifu. Mtu asiyejua anaona boksi limelowa, anadhani ni maji ya bahari. Wa mkuki mnunue ukiwa Tanga kwa chakula cha jioni hiyo. Usimpandishe basi.

Ya tatu ni nyavu. Nyavu za kutegwa usiku karibu na mwamba hunasa wengi, lakini wakati wa kuwanasua miguu inakatika. Mguu uliokatika si kifo, maana huota upya akijivua magamba, ila aliyepoteza miguu mitatu au minne hastahimili safari.

Ya nne ni dema, mtego wa kusuka wenye mlango unaoingilika na usiotokeka. Wa dema hana jeraha na hakuchoka. Kama naweza kuchagua, nachagua wa dema au wa mkono, na naongeza hela kidogo bila kunung'unika.

Ipo pia ya kutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa usiku, na taa mkononi, ambayo hutoa wadogo wengi. Mdogo wa gramu 200 hana nyama ya kumshibisha mtu, na mara nyingi hajawahi hata kuzaa. Mwache.

Baruti na sumu sitazijadili. Ni kosa la jinai na zinaua mwamba wenyewe.

Agiza kwa kalenda ya bahari

Nina mzee mmoja wa upande wa Pangani ambaye ndiye mwalimu wangu. Mara ya kwanza nilipompigia nilianza na pesa.

"Shikamoo mzee. Kamba kochi kilo bei gani leo?"

"Marahaba mwanangu. Usiniulize bei, niulize mwezi."

Alikuwa na maana mbili. Kwanza ni mwezi wa angani. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji hupwa sana na mwamba unafikika kwa urahisi. Katikati yake ni maji mafu, ambapo maji hayapwi sana. Usiku wa mbalamwezi kali kamba kochi hatoki ovyo, kwa hiyo wa nyavu na dema hupungua. Giza la mwezi mwandamo ndilo linalompa mzee kazi nzuri.

Pili ni msimu. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, upepo ni mkali, bahari inachafuka na mzamiaji haoni mbele. Wachache wanaopatikana ni ghali. Kaskazi ikiingia, Novemba hadi Machi, maji hutulia na kung'aa. Bahati nzuri Krismasi yetu inaangukia hapo, na bahati mbaya ya Krismasi ni kwamba hoteli zote za Zanzibar na Dar es Salaam nazo zinawataka siku hizo hizo. Ukiagiza tarehe 20 Desemba umechelewa. Ongea na mvuvi mwezi mmoja kabla.

Tanga ndiko karibu kwetu: mji wenyewe, Kigombe, Pangani, na juu huko Mkinga. Dar es Salaam kupitia soko la Feri unapata pia, lakini safari ni kama mara moja na nusu. Muulize afisa uvuvi wa mwalo, yaani mahali samaki wanaposhushwa, unaponunulia kuhusu vibali na stakabadhi za kusafirisha mazao ya uvuvi kabla mzigo haujaondoka. Kizuizini si mahali pa kujifunza sheria huku mnyama anakauka.

Sema pia hutaki aliyejivua karibuni. Baada ya kuvua gamba, kamba kochi hujijaza maji ili gamba jipya likauke likiwa na nafasi, kwa hiyo anaonekana mkubwa na ndani ni majimaji. Mwambie mvuvi abonyeze pande mbili za gamba la kichwani. Likibonyea kama chupa ya maji, amrudishe.

Kufunga boksi

Soma sehemu hii polepole. Huu ndio mtaji wako.

Kamba kochi anaweza kukaa nje ya maji saa nyingi iwapo matamvua yake hayakauki. Unyevu ukiwepo hewa inaingia, na akiwa kwenye baridi ya wastani anapoa, anatulia, anatumia hewa kidogo. Vinavyomuua ni vitatu: joto, ukavu, na maji baridi yasiyo na chumvi. Hilo la tatu ndilo lililowaua wangu. Barafu iliyeyuka, maji matamu yakajaa chini, wakalowa humo. Mwili wake umezoea chumvi ya bahari, na maji matamu humvuruga kabisa. Halafu nailoni niliyoisisitizia ikazuia hewa. Waliosalia wawili walikuwa wamelala juu ya wenzao.

Kwa hiyo mwambie anayefunga afanye hivi. Achukue deli la kuhifadhia baridi na kulitoboa matundu machache pembeni karibu na mfuniko. Chini aweke chupa mbili za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa, vifuniko vimekazwa, kila moja imezungushiwa magazeti mengi ili isimguse mnyama moja kwa moja. Kamba kochi wetu ni wa bahari ya joto. Baridi kali ya barafu tupu inamuua pia. Juu ya chupa atandaze magunia ya katani yaliyoloweshwa maji ya bahari na kukamuliwa yasidondoke. Awapange wakiwa wamekaa kwa tumbo, mikia imekunjwa, wasizidi tabaka mbili, kila tabaka na gunia lake. Maranda ya mbao yaliyoloweshwa maji ya bahari yanafaa pia, mradi mbao isiwe ya dawa. Papasi azielekeze upande mmoja, la sivyo zitavunjika na utampikia mgeni kamba kochi aliyenyolewa.

Awafunge alfajiri, muda mfupi kabla ya basi, na usiku kucha wawe wamekaa kwenye tenga ndani ya maji ya bahari bila kulishwa. Aliyeshiba huchafua boksi.

Kuhusu basi, jambo ni moja: lisikae karibu na injini wala kwenye buti lililofungwa juani pale basi linaposimama kula Korogwe au Mombo. Mlipe kondakta chake, mpe namba yako, na mwambie ukweli kwamba mzigo ni hai. Nimegundua kondakta akijua kuna mnyama anayepumua ndani, hulitazama boksi kwa jicho tofauti na furushi la vitenge. Kutoka Segera kuja Same ni ukanda wa joto. Ukiagiza gari la alfajiri, unakuwa umeupita kabla ya jua la saa saba. Mzigo ukiendelea hadi Arusha ni kilomita 80 nyingine, na hapo Moshi stendi mtu afungue, alitazame gunia na kulinyunyizia maji ya bahari yaliyosafiri kwenye chupa. Usinyunyizie maji ya bomba, hata yawe matamu kiasi gani kutoka mlimani.

Ikiwa hayo yote yanakuchosha, agiza mikia iliyogandishwa, iliyokatwa wakiwa hai na kugandishwa hapo hapo. Ni chaguo la heshima kabisa, na kwa shughuli ya watu 50 ndilo ninalolishauri.

Kumpokea

Fungua boksi kivulini. Sikiliza kwanza: ile sauti ya kukwaruza ni muziki. Kisha mshike mmoja mmoja mgongoni na kumwinua. Mzima atakunja mkia kwa nguvu chini ya tumbo. Aliyechoka atakunja polepole. Mkia ukining'inia, mguse jicho; asiposogeza hata unywele, amekufa.

Aliyekufa njiani, saa usiyoijua, usimpike. Najua inauma, hasa ukikumbuka bei. Lakini tezi yake ya kusagia chakula, iliyo kichwani, huanza kuozesha nyama mara tu akifa. Mkia unakuwa laini kama uji na kutoa harufu kali ya mkojo, yaani amonia. Hakuna ndimu wala pilipili mbuzi ya kuificha.

Wazima waweke kwenye sehemu isiyo baridi sana ya friji, wamefunikwa gunia lao lenye unyevu, na wapike siku hiyo hiyo. Usiwatie kwenye beseni la maji ukidhani unawahurumia. Na usijaribu kutengeneza bahari kwa chumvi ya mezani. Nimejaribu, gramu 35 kwa lita kama bahari yenyewe, na nilichopata ni maji ya chumvi yasiyo na hewa na kamba kochi waliokasirika.

Kabla hujawasha moto, waulize wageni. Wapo ambao mwili wao hauwataki kabisa wanyama wa magamba, na kipande kimoja kinaweza kuwafunga pumzi. Na kwa kuwa majirani zetu wengi wa Upareni ni Wasabato, kumbuka kwamba kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba ya samaki hakimo kwenye sahani yao. Tayarisha perege pembeni bila kuulizwa.

Kumuua na kumpika

Mweke kwenye friza dakika 20 hadi 30 mpaka asitikisike. Kisha mlaze kwa tumbo juu ya ubao, weka ncha ya kisu kizito katikati ya kichwa nyuma ya macho, shindilia chini kuelekea mbele, geuza na upasue hadi mkiani. Pasua urefu wote, kwa sababu hana ubongo mmoja wa kuuzima kama kuku. Mishipa yake ya fahamu ina vifundo vilivyopangana chini ya mwili mzima. Uswisi tangu 2018 sheria inakataza kumtumbukiza hai kwenye maji yanayochemka bila kumzimisha kwanza. Hapa kwetu sheria hiyo hatuna, ila mimi sitaki kelele za sufuria jikoni kwangu.

Ukitaka kumchemsha mzima mzima, muue kwa kisu kichwani tu, kisha mtoe utumbo hivi: vunja kipande cha papasi yake, kiingize kwenye tundu la chini ya mkia, zungusha kidogo miiba ishike, vuta. Utumbo mweusi unatoka wote. Fundi wa Pangani alinionyesha hilo na bado linanichekesha kila mara.

Maji ya kuchemshia yawe na chumvi ya kuonjeka. Kisha kumbuka ulipo. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa na watu wa usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Moshi mjini huchemka kwenye 97 hivi, na Arusha, iliyo mita 1,400 juu, kwenye 95. Kwa kamba kochi wa kilo moja, ninachemsha dakika 14 hadi 15 hapa Moshi, na nikiwa Arusha naongeza mbili. Usiongeze zaidi, akizidi anakuwa mpira wa baiskeli.

Rangi itageuka kuwa nyekundu mbele ya macho yako. Wekundu huo ulikuwamo tangu mwanzo. Umeshikiliwa na protini inayoufanya uonekane wa buluu au kijani, na joto likiivunja protini, wekundu unabaki peke yake. Lakini rangi si dalili ya kuiva, inabadilika mapema. Tazama nyama: ikiwa nyeupe kabisa na si ya kioo, imeiva.

Ninavyompenda zaidi ni wa mkaa. Aliyepasuliwa nusu mbili, toa utumbo, paka siagi iliyopondewa kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Laza upande wa nyama dakika 3, geuza upande wa gamba dakika 6 au 7, ukimiminia siagi iliyobaki. Gamba linakuwa sufuria yake. Pembeni naweka ndizi mshare zilizochemshwa na tui zito la nazi, ambayo nayo imekuja na basi lile lile.

Hesabu ya kununua: nyama ya mkia ni kama theluthi tu ya uzito wa mnyama. Kilo moja inalisha watu wawili wasio na njaa ya shamba. Usitupe kichwa na miguu. Vichemshe na kitunguu, nyanya na tangawizi nusu saa, chuja, upate supu ambayo walevi wa mbege wanaweza kuilipia asubuhi.

Magamba yaliyobaki yana chokaa, na migomba inayapenda. Yaponde, yapeleke kihambani. Zika kina cha goti, na uweke jiwe juu, maana mara ya kwanza nilizika juujuu na mbwa wa jirani aliyasambaza hadi mlangoni kwa mchungaji.